Anselme Payen, Mufaransa mwenye alionyesha kwamba muti si kitu kimoja

Kila asubui, mbele jua lipande, wanaume wenye kusukuma kinga zenye kubeba mifuko ya makala wanaingia Lubumbashi kwa barabara ya Likasi, ya Kipushi, ya Kasenga na ya Kasumbalesa. Makala hayo ndiyo yanapika bukari na sombe katika nyumba nyingi za muji. Wakati umeme unakatika, hata familia zenye kuwa na resho zinarudilia mbabula. Nyuma ya kila mufuko kuko miti yenye ilikatwa: mutondo, musamba, muputu, miti ya pori yetu ya miombo yenye inahitaji makumi ya miaka kusudi ikomae.

Watu wengi wanaona muti kuwa kitu kimoja tu: ni bao, ni kuni, ao ni makala. Lakini karibu miaka 190 iliyopita, mwanakemia mumoja wa Paris alionyesha kwamba ndani ya muti kuko vitu mbalimbali vyenye vimeshikamana, na kwamba mutu anaweza kuvitenganisha. Jina lake ni Anselme Payen. Alikufa mwaka wa 1871, miaka makumi mbele muji wa Lubumbashi uanzishwe, na kazi yake yote aliifanya mbali sana na Katanga. Hata hivyo, karatasi ya daftari ya mutoto wako, mufuko wa simenti na nguo nyingi zenye zinauzishwa katika soko zinatokana na njia yenye alifungua. Maisha yake yanatusaidia pia kuelewa kitu gani tunapoteza wakati pori inageuka moshi.

Mutoto wa viwanda

Payen alizaliwa Paris katika mwezi wa kwanza wa mwaka wa 1795, wakati Ufaransa ilikuwa ingali katika misukosuko ya mapinduzi. Baba yake alisomea sheria, lakini aliacha kazi hiyo na kujenga viwanda vya kemia kule Grenelle, kando ya muto Seine. Kiwanda cha kwanza kilitengeneza chumvi ya amonia. Kusudi kupata chumvi hiyo, wafanyakazi walichoma mifupa na mabaki mengine ya wanyama ndani ya vyombo vyenye vilifungwa.

Kijana Anselme alikomaa katikati ya mapipa, moshi na harufu ya mifupa. Wakati alikuwa na miaka 13, baba yake alianza kumufundisha sayansi yeye mwenyewe. Kisha alijifunza kemia kwa Vauquelin na kwa Chevreul, wataalamu wawili wakubwa wa Ufaransa wa wakati huo. Kwa hiyo alipata mafundisho ya namna mbili: ya darasa na ya kiwanda. Wanakemia wengi wa wakati wake walijua moja tu kati ya hayo. Payen alijua kupima kitu kwa uangalifu katika maabara, na alijua pia bei ya kuni, mushahara wa mufanyakazi na hasara ya muzigo wenye umeharibika.

Boraksi, sukari na makala ya mifupa

Akiwa na miaka 23 hivi, aliwekwa kuwa musimamizi wa kiwanda cha kusafisha boraksi, dawa yenye wafuaji wanatumia kusudi kuunganisha vyuma. Wakati huo boraksi ilitoka Asia, na Waholanzi peke yao ndio walikuwa wanaileta Ulaya. Bei ilikuwa vile wao wanataka. Payen aliona kwamba anaweza kutengeneza boraksi kwa kuchanganya soda na asidi boriki, yenye ilipatikana Italia. Boraksi yake ilianza kuuzishwa kwa sehemu moja ya tatu ya bei ya zamani, na biashara ya Waholanzi ilivunjika.

Baba yake alikufa mwaka wa 1820, na Payen akachukua viwanda vyote vya familia. Kati yavyo kulikuwa kiwanda cha sukari ya biti, ile mizizi yenye Ufaransa ilianza kulima sana kusudi isitegemee sukari ya miwa yenye kutoka ng’ambo. Sukari ya biti ilikuwa na shida moja: maji yake yalikuwa na rangi ya udongo na wanunuzi hawakuipenda.

Katika kiwanda cha chumvi ya amonia, kila siku kulibakia makala meusi ya mifupa. Watu walikuwa wameanza kujua kwamba makala hayo yanaondoa rangi ya sukari, lakini hawakuelewa sababu. Payen alifanya majaribio mengi, na mwaka wa 1822 alitoa maandishi yenye kueleza namna makala yanashika rangi na uchafu na kuacha maji ya sukari yakiwa safi. Kilicho takataka ya kiwanda kimoja kikawa dawa ya kiwanda kingine. Na makala hayo yalipochoka, yakiwa yamejaa damu na uchafu wa sukari, Payen alionyesha wakulima kwamba ni mbolea nzuri. Miaka kisha, yeye na Boussingault walipima azoti katika namna nyingi za mbolea, kusudi mukulima ajue ile yenye ananunua iko na nguvu gani.

Huo ndio ulikuwa mutindo wa maisha yake. Mbele ya kutupa kitu, aliuliza kwanza: ndani yake kuko nini?

Siri yenye iko pia katika munkoyo

Mwaka wa 1833 Payen na mwenzake Jean-François Persoz walichukua shayiri yenye imeanza kuota, ile yenye watu wa pombe wanatumia. Waliiloanisha katika maji, wakachuja, kisha wakatia alkooli katika maji hayo. Kitu cheupe kilishuka chini. Walipokausha kitu hicho na kutia kidogo tu katika wanga, wanga uliyeyuka na kugeuka sukari. Walikiita diastazi. Hiyo ilikuwa enzimu ya kwanza yenye wanasayansi walitenga.

Watu wa Katanga wanajua kazi hiyo kwa mikono yao tangu zamani. Mama mwenye kupika munkoyo anatia mizizi ya munkoyo katika uji wa mahindi wenye umepoa kidogo. Kisha wakati fulani uji muzito unakuwa mwepesi na unaanza kuwa mutamu. Mizizi hiyo iko na enzimu za namna moja na ile ya Payen. Zinakata wanga wa mahindi na kuutoa sukari. Payen alitafuta kutoa kitu chenye kufanya kazi hiyo peke yake, kukikausha na kukipima.

Kazi ya wanga ilimufikisha kwenye muti. Kama wanga, wenye kuwa ndani ya mahindi na viazi, unageuka sukari, basi ngozi ngumu ya mimea na nyama ya muti zimetengenezwa na nini? Mwaka wa 1819 Mufaransa mwingine, Henri Braconnot, alikuwa amepata sukari kwa kutia vumbi la mbao katika asidi sulfuriki. Kulikuwa kitu fulani chenye kufanana na wanga ndani ya muti. Lakini hakuna mutu alikuwa ameonyesha ni kitu gani.

Mwaka wa 1838: muti unafunguliwa

Payen alichukua mbao za miti mbalimbali, akachukua pia pamba na sehemu changa za mimea. Alitia mbao katika asidi nitriki. Kisha aliziosha kwa soda kali, kwa maji, kwa alkooli na kwa etha. Kila mara sehemu fulani iliyeyuka na kwenda na maji. Mwishoni kulibakia kitu cheupe, chenye nyuzi nyembamba, chenye hakikuyeyuka tena.

Wafanyakazi wa Likasi wanaweza kuelewa kazi hiyo bila shida. Kwenye kiwanda cha Shituru, mawe ya shaba yaliyosagwa yanatiwa katika asidi sulfuriki. Shaba inayeyuka na kuingia katika maji, na udongo unabakia. Payen alifanya kwa muti jambo la kufanana, lakini kwa kugeuza: asidi na soda viliondoa vitu vyenye kufunika, na kitu chenye alitafuta ndicho kilibakia.

Alipochoma na kupima kitu hicho cheupe, alipata kwamba karibu asilimia 44 ni kaboni, asilimia 6 ni hidrojeni, na sehemu yenye kubakia ni oksijeni. Hesabu hiyo ni ile ile ya wanga. Na hesabu haikubadilika: iwe pamba, iwe mbao ngumu, iwe mumea muchanga, kitu cheupe kilikuwa kimoja. Lakini muti muzima, mbele ya kutiwa katika asidi, uko na kaboni nyingi zaidi, karibu asilimia 50. Kwa hiyo ile sehemu yenye iliyeyuka na kuondoka ilikuwa kitu kingine kabisa, chenye kaboni nyingi, chenye kilikuwa kimefunika na kujaza nyuzi.

Ripoti ya Académie des sciences ya mwaka wa 1839 juu ya kazi yake ndiyo yenye ilitumia jina selulozi kwa kile kitu cheupe. Jina hilo lilitoka katika neno lenye kumaanisha chumba kidogo, kwa sababu mimea yote imejengwa kwa vyumba vidogo sana na selulozi ndiyo ukuta wavyo. Kitu kile kingine, chenye kufunika, kilipata jina lignini. Neno hilo lilitungwa kutoka neno la Kilatini lenye kumaanisha muti, na mwanasayansi wa mimea de Candolle alikuwa amelitumia tangu mwaka wa 1813. Kisha Mujerumani mumoja, Schulze, akalitumia kwa kile chenye Payen aliondoa.

Leo tunajua zaidi. Katika muti mukavu, selulozi ni karibu asilimia 40 mupaka 50. Lignini ni asilimia 20 mupaka 30. Katikati yavyo kuko hemiselulozi, nayo asilimia 20 mupaka 30. Jina lake lilitolewa mwaka wa 1891. Kidogo chenye kubakia ni majivu, mafuta, gundi na rangi, sawa vile rangi nyekundu ya mukula.

Muashi yeyote anaweza kupiga picha hiyo katika akili. Selulozi ni vyuma vyenye analaza ndani ya beto. Hemiselulozi ni waya mwembamba wenye kufunga vyuma. Lignini ni simenti yenye kujaza nafasi zote na kufanya nguzo isimame. Ndiyo sababu muti unaweza kusimama miaka mia moja mbele ya upepo na mvua. Na ndiyo sababu ni vigumu kuutenganisha: simenti imeshika vyuma kwa kila upande.

Mabishano na mwenzake

Si kila mutu alikubali. Edmond Frémy, mwanakemia mwingine mwenye heshima kule Paris, alisema kwamba hakuna selulozi moja. Alitaja namna mbalimbali na akaipa kila moja jina lake. Payen alijibu kwamba tofauti zenye Frémy aliona zilitokana na uchafu tu: kama unasafisha muzuri, unapata kitu kimoja. Mabishano hayo yaliendelea kwa miaka. Leo kitu chenye Payen alitenga kingali kinaitwa selulozi, na majina ya Frémy yameachwa.

Wakati huo Payen alikuwa tayari mwalimu. Kuanzia mwaka wa 1835 alifundisha kwenye École Centrale, masomo yenye ilikuwa inatayarisha mainjinia, na kuanzia mwaka wa 1839 kwenye Conservatoire des arts et métiers, fasi yenye mafundisho yalitolewa bure kwa watu wa kazi za mikono na viwanda. Mwaka wa 1842 alichaguliwa kuingia katika Académie des sciences. Aliandika kitabu kikubwa juu ya kemia ya viwanda, chenye kilichapwa mara nyingi. Aliandika pia juu ya chakula, na mwaka wa 1853 alitoa kitabu juu ya magonjwa ya viazi, biti, ngano na mizabibu, kwa sababu ugonjwa wa viazi ulikuwa umeleta njaa kali katika inchi nyingi za Ulaya.

Kutoka maabara mupaka kiwanda

Wakati Payen aligundua selulozi, karatasi ilikuwa bado inatengenezwa na nguo zenye zimezeeka: kitani na pamba. Nguo hizo hazikutosha tena. Magazeti yalikuwa yanaongezeka, watoto wengi walikuwa wanaanza masomo, na bei ya karatasi ilikuwa inapanda. Kujua kwamba muti uko na nyuzi zile zile za pamba kulionyesha fasi ya kutafuta. Shida ilikuwa namna ya kuondoa lignini kwa bei ndogo.

Katika miaka ya 1850, huko Uingereza na Marekani, watu walianza kupika vipande vya mbao katika soda kali. Mwaka wa 1867 Benjamin Tilghman wa Marekani alipata haki ya njia yenye kutumia asidi ya sulfuri. Kisha, mwaka wa 1879, Mujerumani Carl Dahl aliongeza sulfuri katika upishi wa soda. Karatasi yenye ilitoka ilikuwa ngumu sana, na watu wakaiita kraft, maana yake nguvu. Njia ya Dahl ndiyo yenye viwanda vingi vya dunia vinatumia mupaka leo.

Angalia mufuko wa simenti. Ile rangi ya udongo ni lignini kidogo yenye ilibakia katika nyuzi. Angalia gazeti la zamani lenye limekuwa la manjano: hiyo pia ni lignini, yenye jua na hewa vimeibadilisha. Karatasi nyeupe ya daftari ni ile yenye lignini yake iliondolewa karibu yote.

Katika Afrika ya Mashariki kazi hiyo inajulikana. Kule Mgololo, upande wa kusini wa Tanzania, kuko kiwanda chenye kilianza mwaka wa 1985 na chenye kinapika miti ya misonobari kwa njia ya kraft. Kule Webuye, Kenya, kiwanda cha Pan African Paper Mills kilianza katika miaka ya 1970. Kilileta kazi kwa watu wengi, lakini wakaaji walilalamika juu ya harufu yake na juu ya maji machafu katika muto Nzoia. Mwaka wa 2009 kilifunga milango. Kutenganisha muti kunaomba maji mengi, umeme wa hakika, feza nyingi na miti yenye inapandwa tena. Kama kimoja kinakosa, faida inageuka hasara.

Selulozi yenye kusafishwa ilizaa pia vitu vingine: selofani ya kufungia bombo, na nyuzi za viskozi, zenye ziligunduliwa Uingereza mwaka wa 1892 na zenye leo ni nguo ya bei ndogo katika masoko yetu. Lignini, kwa miaka mingi, ilichomwa tu katika viwanda vyenyewe kusudi itoe moto wa kuendesha mashine. Lakini sehemu yake inatumiwa katika simenti kusudi beto iteremuke muzuri, na iliwahi kutumiwa pia kutengeneza vanila ya kuiga. Watafiti wa inchi nyingi wanaendelea kutafuta namna ya kuitumia pa nafasi ya mafuta ya petroli.

Siku za mwisho

Mwaka wa 1870 Ufaransa ilipigana vita na Prusia na ikashindwa vibaya. Kuanzia mwezi wa 9, askari wa Prusia walizunguka Paris kwa miezi ine. Watu walikula farasi, imbwa na panya. Payen alikuwa na miaka 75. Alibakia katika muji pamoja na wengine na akaendelea na kazi yake juu ya vyakula, kusudi watu wapate kitu cha kula katika vile vyenye walikuwa wanatupa. Ilikuwa kazi ile ile ya kiwanda cha baba yake, lakini sasa ilikuwa njaa yenye ilimusukuma.

Alikufa katika mwezi wa 5 wa mwaka wa 1871, wakati Paris ilikuwa katika mikono ya Commune na masasi yangali yanalia. Katika machafuko yale, watu wachache ndio waliangalia kifo cha muzee wa kemia. Lakini wanakemia hawakumusahau. Tangu mwaka wa 1962 wanachama wa Shirika la Kemia la Marekani wenye kujifunza selulozi wanatoa tuzo yenye iko na jina lake. Ni moja kati ya tuzo kubwa zaidi katika kazi hiyo duniani.

Kazi yake inatuambia nini huku kwetu

Turudie sasa kwenye makala, lakini kwa macho ya Payen. Mutu mwenye kuchoma makala anapanga miti, anaifunika na udongo na kuwasha moto wenye hauna hewa ya kutosha. Ndani ya rundo hilo kuko kutenganisha, lakini kwa nguvu za moto. Hemiselulozi inavunjika kwanza, kuanzia digri 220 hivi. Selulozi inafuata, zaidi katikati ya digri 315 na 400. Zote mbili zinageuka kwa sehemu kubwa moshi: maji, asidi yenye kufanana na siki, alkooli ya muti na lami. Lignini ndiyo inaungua polepole na kuacha makala zaidi. Kwa hiyo katika mbabula tunachoma, kwa sehemu kubwa, kile chenye lignini iliacha. Nyuzi zenye zingekuwa karatasi na nguo zimekwisha kwenda mbinguni.

Katika rundo la udongo, kilo 100 za muti mukavu zinatoa mara nyingi kilo 10 mupaka 20 tu za makala. Kama miti ni mibichi, ao kama mulinzi wa moto analala, zinatoa kidogo zaidi. Rundo lenye kujengwa vizuri, na miti mikavu, pamoja na bomba la kutoa moshi sawa ile namna ya Casamance yenye ilitoka Senegal, inaweza kuongeza makala bila kuongeza hata muti mumoja. Kwa familia ya mutu wa makala, hiyo ni mifuko zaidi kwa kazi ile ile. Kwa pori, hiyo ni miti yenye inabakia kusimama.

Hapa inafaa kuwa waangalifu. Sayansi ya Payen haisemi kwamba tukate pori ya miombo kusudi tujenge kiwanda. Miti hiyo inakomaa polepole, na ndani yake kuko uyoga, asali, wadudu wa kula na dawa zenye zinalisha na kuponya watu wa vijiji. Biashara ya mukula imekwisha kutuonyesha matokeo: magogo yalitoka Haut-Katanga yakiwa mazima na kuvuka mupaka, na faida kubwa ya kuyatengeneza ilipatikana fasi ingine. Mwenye kuuzisha gogo anauzisha vitu vyote kwa bei ya kimoja.

Lakini swali la Payen linaweza kuulizwa bila kukata muti. Vumbi la mbao lenye linarundikana katika karakana za maseremala, magunzi na mabua ya mahindi kisha mavuno: vyote viko na selulozi, hemiselulozi na lignini. Watu wengi wanavichoma kusudi tu wavimalize. Kuko mufanyakazi mwenye anavitenganisha bila asidi na bila umeme: uyoga. Namna fulani za uyoga, sawa vile pleuroti yenye inalimwa katika inchi nyingi, zinakula lignini na selulozi ya vumbi ao ya mabua na kuzigeuza chakula. Muchwa wa vichuguu vikubwa vya Katanga wanafanya hivyo tangu zamani: wanalima uyoga ndani ya nyumba yao kusudi uwavunjie miti. Uyoga mukubwa wenye watu wananunua kando ya barabara wakati wa mvua unatoka katika mashamba hayo ya muchwa.

Na kwa makala yenyewe, kuko mufano katika inchi yetu. Kule Mampu, kwenye uwanda wa Bateke karibu na Kinshasa, hektari zipatazo 8,000 za akasia zilipandwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wakulima wanakata kwa zamu, wanachoma makala, wanalima mihogo na mahindi, kisha akasia inaota tena. Muti wenye kupandwa kwa ajili ya moto unaacha mutondo na musamba vikomae.

Wakaaji wa Lubumbashi wanajua tayari somo hili kwa upande wa mawe. Kwa miaka mingi, mulima mweusi kando ya shimini ya Gécamines ulionekana kuwa takataka ya kiwanda. Tangu mwanzo wa miaka ya 2000 ulianza kuchukuliwa na kutengenezwa tena, kwa sababu ndani yake kulikuwa kobalti na shaba, na hata jermaniumu. Mulima haukubadilika. Kilichobadilika ni kwamba mutu alipima kilicho ndani. Payen alifanya hivyo kwa mifupa, kwa shayiri na kwa muti, na kila mara kitu chenye kilidharauliwa kilikuwa na bei yake. Pori yenye kuzunguka muji wetu nayo inaomba kupimwa namna hiyo, na wakati wa kuipima unapunguka kila mwaka.